Kitovu Kilichokauka Juu ya Meko

Jambo la kwanza nililofanya ni kucheka, na sina budi kulikiri kabla sijaendelea. Mgeni wetu alikuwa amefungua kichupa mezani, mbele yetu mafundi wanne wa maabara, akatuonyesha kipande cheusi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Mdomo ukanitangulia, kama kawaida yake. "Si ng'onda hiyo?" nikasema, na wenzangu wakaangua kicheko. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akakakamaa, na mtu wa Kilifi hadanganyiki kwa ng'onda. Mgeni akangoja tumalize. Kisha akasema, bila kukasirika, kwamba kile ni kipande cha ngozi ya mwanamke aliyezikwa katika mchanga wa jangwani, kandokando ya Mto Naili, maelfu ya miaka iliyopita.

Nilikitazama tena kile kipande nikaona vishimo vidogo vya vinyweleo, kama hivi nilivyo navyo mkononi. Niliomba radhi, sijui nilimwomba nani, mgeni au yule mwanamke.

Mimi ni fundi wa maabara ya utafiti hapa mjini. Kazi yangu ni damu: naipokea, naizungusha kwenye mashine ijitenge, naipima, naandika. Kwa miaka kumi na miwili nimeshika damu za watu, na nilidhani hakuna kitu cha mwili wa binadamu kinachoweza kunishtua tena. Mgeni huyu alikuwa mtafiti kutoka Sudan, mama wa makamo aliyejifunza Kiswahili chake Unguja, na alikuja kwa wiki mbili kutufundisha namna ya kutoa protini katika nyama iliyokauka zamani. Alituambia kwamba uozo unahitaji maji. Mwili ukinyimwa maji upesi, kwa mchanga mkavu, kwa chumvi au kwa moshi, vijidudu hukosa pa kuanzia. Vinasaba huvunjika mapema, hasa penye joto, lakini kuna protini ambazo ni kaidi, hujikunja na kushikamana, zikabaki. Katika ngozi ya yule mwanamke alikuta kolajeni, ile kamba inayoshikilia ngozi na mifupa yetu sote, na alikuta hata mabaki ya protini ya damu.

"Damu?" nikauliza. "Baada ya muda wote huo?"

"Vipande vyake tu," akasema. "Lakini wakati mwingine vinatosha kunieleza kama mtu aliumwa, na aliumwa nini."

Nilirudi na habari hiyo nyumbani kwangu Kibarani jioni ile. Mama yangu alikuwa amehamia kwangu tangu nilipojifungua binti yangu, miezi saba nyuma, na nilipoingia alikuwa amempakata akimnywesha uji. Nilimsimulia kwa vitisho vyote nilivyoweza, maana napenda kumtania. Mama huogopa maiti hata ya kuku. Nilitaraji aseme Mulungu anihurumie na aniamuru ninawe mikono kabla ya kumgusa mtoto. Badala yake aliacha kijiko hewani.

"Na kama ni kitu kidogo?" akauliza.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kidole cha mtoto."

"Hata hicho."

"Na kama kilitiwa chumvi, kikawekwa juu ya moshi miaka?"

"Hapo ndipo kingekaa zaidi. Kwani waulizia nini, mama?"

"Nauliza tu," akasema, na uji ukamwagikia mtoto kidevuni.

Sikulitia maanani. Mimi ni mwepesi wa kusema na mzito wa kusikia, na mume wangu, anayefanya kazi hotelini Kikambala na kurudi mwisho wa juma, atathibitisha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nikifua nepi aliponiita. Alisema niingie na nifunge mlango. Alikuwa ameketi sakafuni mbele ya sanduku lake la bati, lile alilokuja nalo na ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Ufunguo wake ulikaa siku zote katika pindo la leso yake. Alitoa kopo la poda ya mtoto lililoshika kutu, akakizungusha kifuniko kwa shida. Ndani mlikuwa na majivu na chumvi ya mawe. Akachimbua kwa kidole, akatoa kitambaa kilichogeuka rangi ya chai, akakifungua magotini.

Kilikuwa kitu cheusi, kimejisokota, kirefu kama nusu ya kidole changu cha mwisho. Upande mmoja kilikuwa bado kimefungwa uzi. Nimeshawaona watoto wachanga wa kutosha, sikuhitaji kuambiwa kuwa ni kitovu.

"Cha mwanangu?" nikauliza, ingawa nilijua si chake, maana kilipodondoka tulikizika.

"Cha kaka yako."

Niliketi pale pale, mikono ikidondosha povu. Hapa ni lazima nieleze, kwa sababu asiyejua habari za kwetu ataona mama mzee ametunza kumbukumbu ya mwanawe na kwamba hakuna la kumtoa mtu jasho.

Kwetu, bara ya Kilifi, upande wa Ganze, kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa na shangazi yake, dada ya baba. Huchimba shimo nyuma ya nyumba, akakilaza, akapanda juu yake mche wa mnazi, na mnazi huo ukawa wa mtoto. Wangu, ambao bibi aliupanda badala ya shangazi, upo hadi leo na unazaa. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na ambaye sikumwona, hakuwa na mnazi. Nilikua nikiambiwa sababu yake kama watoto wengine wanavyoambiwa habari za sungura na fisi. Niliambiwa kwamba shangazi, dada pekee wa baba, aliyeachika kwa kutozaa, aliingia chumbani kwa mzazi, akakiiba kitovu kabla hakijazikwa, akakifanyia kazi zake. Mtoto akaanza kuvimba mikono na miguu. Akalia bila kunyamaza, macho yakawa ya manjano, na hakufika miaka mitatu. Mganga alipoitwa aliuliza swali moja tu: kitovu cha mtoto huyu kiko wapi? Watu wote wakamgeukia shangazi.

Walimwita mtsai, ndiyo mchawi kwa lugha ya kwetu. Ndugu zake mwenyewe, baba yangu akiwa mmoja wao, walichoma nyumba yake na kumfukuza. Alifanya kazi ya kufua huku na huku, mwishowe akapata kibanda Matsangoni, kando ya barabara, akawa anasuka makuti na kuyauza. Kwetu jina lake halikutajwa. Alisemwa tu "yule aliyemla mtoto wetu".

Nilimwona kwa macho yangu nilipokuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumeshuka Matsangoni kwa ajili ya matanga, nami nilikuwa nimeachwa peke yangu kando ya barabara. Mwanamke mwembamba akavuka, akasimama mbali kidogo nami, akaniuliza kama mimi ni mtoto wa fulani. Nikaitikia. Akatoa embe kwenye kikapu. Hakunipa mkononi. Aliliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu nne, akasema nile. Hapo nikatambua ni nani, maana tulikuwa tumefunzwa kwamba mtsai humwekea mtu kitu chini. Nikalipiga embe teke likaangukia mtaroni, nikamwita mtsai kwa sauti ya kusikika hadi madukani. Watu waligeuka. Yeye alivuka barabara akarudi kwenye makuti yake. Niliposimulia nyumbani nilisifiwa, nikapewa paja la kuku.

Sasa mama alikuwa ameketi sakafuni kwangu, na kitovu kilikuwa magotini pake.

"Kimetoka wapi?" nikauliza, ingawa jibu lilikuwa machoni pangu.

"Hakikwenda popote. Ninacho mimi tangu siku kilipodondoka."

Alinieleza akitazama kitambaa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mgeni katika nyumba ya watu. Mama yake mzazi alimwonya kwamba kitovu cha mtoto wa kwanza asikitoe mkononi mwake, maana anayekishika ndiye anayemshika mtoto. Basi kilipodondoka alikificha, akawaambia wakweze kimempotea bafuni. Alidhani siku zitapita na watu watasahau. Akakitia chumvi na majivu, akakiweka kwenye uchaga juu ya meko, mahali alipohifadhi mahindi ya mbegu, na moshi ukakikausha. Alikuwa akimlinda mtoto.

"Na mganga alipouliza?" nikasema.

"Nilinyamaza."

"Na walipomshika shangazi?"

"Nilinyamaza."

"Walipochoma nyumba yake, mama?"

"Nilikuwa nimesimama uani, nimebeba maji. Nilinyamaza, mwanangu. Ningesema ninacho, wangesema ni mimi niliyemla. Baadaye kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana yake."

Sikuzaliwa na subira. Nilimwambia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na sitayaandika. Nilimwambia nilimpigia mwanamke yule kelele njiani kwa sababu yake, na kwamba yeye, mama yangu, alinipa paja la kuku kwa hilo. Binti yangu aliamka kitandani akaanza kulia kwa makelele yangu. Mama hakujitetea. Alingoja nimalize kama yule mgeni alivyongoja tumalize kucheka, kisha akasema lililokuwa moyoni mwake kwa miaka arobaini.

"Ulisema nyama kavu huweza kusema mtu aliumwa nini. Nataka kujua. Nilikificha nikimlinda. Huenda ni kukificha ndiko kulikomuua, na shangazi yako akaubeba mzigo wangu. Kama ni mimi, niambiwe kabla sijafa."

Nilimchukua mtoto nikatoka naye nje, nikasimama karibu na beseni la nepi. Nilikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, na zote mbili zilikuwa kwa mtu mmoja.

Jumatatu nilimweleza mgeni. Nilitaraji aniambie maabara si mahali pa mambo ya nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali ya kazi: kimekaa wapi, chumvi gani, moshi wa kuni zipi, kimewahi kulowa? Alisema mwili ulioachwa wazi katika pwani yenye unyevu kama yetu hauwezi kukauka hivyo, na kwamba mama yangu, bila kujua, amefanya kwa kopo la poda kile ambacho jangwa lilifanya kwa yule mwanamke wa Naili. Kitu cha namna hiyo, cha umri unaojulikana, kingemfaa pia kupimia kama njia yake inafanya kazi kwenye vitu vya pwani. Mkuu wetu alikubali kwa sharti kwamba mwenyewe atoe idhini. Fomu ilikuja na mahali pa kuandika uhusiano na marehemu. Mama aliniuliza neno hilo ni la nani, nikamwambia ni la kaka, na akasema hakuwahi kusikia mtu akimwita marehemu, walimwita mtoto tu. Akatia dole gumba.

Tulikata robo yake. Mgeni aliniachia kisu nikate mwenyewe, nikamrudishia. Tulikilowesha, tukakisafisha nje mara nyingi ili damu ya mama iliyogusa juu isituchanganye, tukakiyeyusha kidogo kidogo. Maji yalibadilika yakawa na rangi hafifu ya kutu. Nilikuwa nimeona rangi hiyo mara elfu katika kazi yangu na sikuwahi kulia. Siku hiyo nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka mwenzangu akaja kugonga.

Mashine ya kutambua vipande vya protini haiko kwetu, hivyo mgeni aliondoka na vichupa. Tulingoja wiki saba. Mama hakuuliza hata mara moja, lakini kila nilipoingia mlangoni alitazama mikono yangu kwanza.

Majibu yalikuja kwa barua pepe wakati wa chai ya saa nne. Himoglobini ni protini ya damu inayobeba hewa, na ndani yake kuna mnyororo ambao, mahali pamoja, kiungo kimoja kikibadilika, chembe za damu hupinda kama mundu. Ndio ugonjwa tunaouita selimundu. Mgeni aliandika kwamba himoglobini ilikuwepo, na kwamba vipande vyenye badiliko lile vilionekana wazi. Vipande vizima, yaani visivyo na badiliko, vya mahali pale pale, havikuonekana hata kimoja. Aliandika kwa tahadhari za watu wa kazi yake, kwamba ni kipimo kimoja cha kitu kidogo na kikuukuu. Lakini akaongeza kwamba mtoto aliyevimba mikono na miguu, akawa na macho ya manjano, akafa kabla ya miaka mitatu, anajulikana na daktari yeyote wa pwani hii.

Anajulikana na mimi pia, na hilo ndilo lililonipiga hadi nikamwaga chai. Nimekaa kwenye dirisha la maabara la kutolea majibu na akina mama wa mashambani, watoto wao wamevimba vidole, nikawaambia: hakuna aliyemroga mwanao, mama, ni damu, amepata nusu kwako na nusu kwa baba yake. Nimeyasema mpaka yamekuwa mepesi kinywani. Mimi mwenyewe ninayo ile nusu moja, niliipima nikiwa mjamzito, nikashukuru kwamba mume wangu hana, nikaishia hapo. Sikujiuliza nimeipata wapi. Mikono iliyovimba, macho ya manjano: nimesimuliwa dalili hizo tangu nikiwa mtoto mdogo, neno kwa neno, na miaka kumi na miwili ya kazi sikuziunganisha na kitu, kwa sababu kwetu jibu lilikuwepo tayari, nalo lilikuwa likisuka makuti Matsangoni. Ningeweza kumsafisha yule mwanamke kwa fikra za dakika moja. Sikuhitaji mashine.

Nilimweleza mama taratibu, nikimchorea kwenye karatasi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Nusu ilitoka kwako, nusu kwa baba, na hakuna aliyejua. Hata ungekizika kitovu chini ya minazi mia, angeumwa vile vile."

Nilidhani angelia kwa nafuu. Aliponiangalia nikaona ni hofu.

"Basi nilimchomea nyumba bure," akasema. "Nipeleke."

Tulishuka Matsangoni siku ya Jumanne, mimi na mtoto mgongoni na karatasi ya majibu mkononi, mama na kopo lake. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kibanda, rundo la makuti mabichi pembeni. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyojiandaa. Alipotuona mkono wake haukusimama, uliendelea kukunja kuti na kushona.

"Shikamoo, shangazi," nikasema. Nina miaka thelathini na sita, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia.

"Marahaba," akasema, na macho yake yakaenda kwa mtoto mgongoni mwangu. Akanyanyuka, akakiburuta kigoda chake, akaketi mbali zaidi nasi. Nikasema moyoni, ana haki ya kutuchukia hadi mjukuu.

Mama hakuketi. Alipiga magoti mchangani, na magoti yake ni mabovu. "Wifi," akasema, "kitovu ninacho mimi. Ninacho tangu siku ile. Hukukiiba. Nilijua hukukiiba." Akaweka kopo mbele yake.

Shangazi alifungua kitambaa. Alikitazama kitovu, akaugusa uzi. "Uzi huu niliufunga mimi," akasema. Mama aliitikia kwa kichwa. "Nilikitafuta," shangazi akaendelea, polepole, akimwambia mama lakini akitazama uzi. "Uliposema kimepotea bafuni, nilipepeta mchanga wa bafu lile kwa ungo siku tatu. Mche wa mnazi nilikuwa nao tayari. Nilipepeta mpaka kucha zikatoka damu, wifi, nawe ulikuwa umesimama mlangoni waniangalia."

"Nilikuwa nimesimama," mama akasema.

"Keti. Sina la kukwambia bado. Nikilipata nitakwambia." Kisha akanigeukia. "Na hiyo karatasi?"

Nilimsomea, nikamfafanulia kama ninavyowafafanulia watu dirishani, ila sauti haikuwa nyepesi. Alinikatiza mara moja.

"Hapo pameandikwa ni nani?"

"Hapana mtu, shangazi. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, ulikuwa ndani ya damu yake kabla hajatoka tumboni. Hakuna mtu aliyemfanya kitu."

"Hata bila kujua?"

Sikumwelewa. "Bila kujua vipi?"

"Mimi nilidhani ninao," akasema. "Utsai. Kitovu sikukiiba, hilo nalijua. Lakini nyumba nzima iliposema ni mimi, ndugu zangu wa tumbo moja, nikawaza, huenda ninao nisiujue. Wasema wako ambao huwatoka tu, kwa jicho, kwa mkono. Kaka yako nilikuwa nampenda sana, nilikuwa nambeba kutwa. Nikasema, basi ni mikono hii. Tangu hapo sijamgusa mtoto wa mtu."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi, na nilichokiona mbele yangu si karatasi. Niliona embe.

"Lile embe," nikasema.

"Nililiweka chini mkono wangu usikuguse," akasema. "Ulikuwa mtoto pekee aliyebaki kwetu."

Nilitaka kumwomba radhi na maneno yote niliyo nayo yakanikimbia, mimi ambaye hayajawahi kunipungukia. Nililia wima, puani na machoni, kama mtoto aliyepigwa. Yeye hakunibembeleza. Alikunja kitambaa, akakirudisha kitovu koponi, akalisimamisha kopo salama kando ya mguu wa kigoda. Kisha akanyanyuka akaenda kwenye pipa la maji, akateka kata, akaosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Akateka tena akaosha mara ya pili. Akajifuta kwa leso, akarudisha kigoda karibu nasi, akaketi, akapanga magoti yake.

Nilimshusha binti yangu mgongoni. Alikuwa ameamka na anamkodolea macho.

Shangazi alinyoosha mikono, akairudisha, akainyoosha tena.

"Shingo imekaza?" akauliza.

Nikamwambia imekaza zamani, nikamweka mtoto mikononi mwake.